Geuza Upande Unaoangukia

Asubuhi hii tutazungumza juu ya baiskeli.

Msicheke. Sisi tunaosema nanyi tulikuwa tumefika umri wa miaka 43, tumevaa kola ya ukasisi kwa miaka 14, tumebatiza, tumeoza na kuzika watu wengi, na bado hatukujua kuendesha baiskeli. Tena parishi tuliyopewa ilikuwa katika Kaunti ya Busia. Wale mnaotoka pande hizo mnaelewa aibu yetu. Huko ndiko linakosemekana kuzaliwa neno bodaboda. Mji wa Busia umekaa juu ya mpaka wa Kenya na Uganda, na katika miaka ya 1960 na 1970 vijana waliwavusha wasafiri kwa baiskeli kutoka kituo cha upande mmoja hadi cha upande wa pili, wakiita wateja kwa lile neno la Kiingereza la mpaka: boda, boda! Pikipiki zilikuja baadaye sana. Zilijaa hasa baada ya serikali kuondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mwaka wa 2008, zikalichukua jina lile zikaenda nalo. Lakini baiskeli hazikwisha. Hata leo utaona mtoto wa darasa la tatu akiiendesha ile kubwa nyeusi ya babake, amepitisha mguu chini ya paipu kwa kuwa kiti hakifikii. Sasa mfikirieni Kasisi anayekwenda kwa miguu, akipitwa na mtoto huyo, akisalimiwa kwa heshima.

Nyumbani kwetu, katika vilima vya Maragoli, baiskeli ilikuwapo. Ilikuwa ya baba mzazi, ya aina ile iitwayo Black Mamba, nzito kama ndama mgonjwa, na breki zake ni za fito za chuma. Baba aliipakia mikungu ya ndizi akaisukuma mpaka soko la Luanda, kisha akarudi ameipanda. Sisi hatukuruhusiwa kuigusa ila Jumamosi jioni, kuipangusa kwa kitambaa chenye mafuta. Alikuwa ameahidi kutufundisha tukimaliza darasa la nane. Tulipomaliza ilikuja barua ya kutuita shule ya upili, na pamoja nayo karatasi ya karo. Wiki iliyofuata baiskeli haikuwapo ukutani. Palibaki alama nyeusi ya mafuta mahali usukani ulipokuwa ukiegemea. Baba hakusema neno, nasi hatukuuliza. Tangu siku hiyo ndizi zilikwenda sokoni begani mwake.

Basi tulipata Kidato cha Kwanza badala ya baiskeli, na baba hakukosea. Sisi ndio tuliokosea baadaye. Wenzetu shuleni waliposhindana barabarani, tulisema tunasoma. Katika chuo cha theolojia tulizoea kusema kwa mzaha kwamba baiskeli ni ya makatekista, kasisi ni mtu wa gari. Watu walicheka. Ulikuwa mzaha wa mtu anayeficha jambo.

Parishi yetu ilikuwa na makanisa sita. Moja lilikuwa uani kwetu, na lile la mbali lilikuwa mwendo wa kilomita 11, mchanga wakati wa jua na matope wakati wa mvua. Tulikwenda kwa pikipiki na parishi ikalipa. Halafu ukaja mwaka wa 2023. Mnakumbuka mwaka ule petroli ilivyopita shilingi 200 kwa lita. Nauli ya pikipiki ikapanda, sadaka ikashuka, na mweka hazina akatuita kando akatuambia kwa upole kwamba safari za katikati ya juma zingoje kidogo. Tulikubali upesi. Tukifikiri sasa, tulikubali upesi mno.

Katika kanisa lile la mbali alikuwako mzee mmoja aliyefundisha katekisimu kwa miaka mingi, mtu wa sauti ndogo na kicheko kikubwa. Mwezi wa Oktoba aliugua. Siku ya Jumatatu alimtuma mjukuu wake atuambie kwamba anaomba Meza ya Bwana. Tulimjibu kwamba tutafika Jumapili, siku ya pikipiki. Kwa miguu ingekuwa saa mbili na nusu kwenda na saa mbili na nusu kurudi, na kazi zilikuwa nyingi. Ndivyo tulivyojiambia. Jumanne jioni kijana mmoja wa kanisa alisikia habari hiyo, akaja na baiskeli yake mpaka mlangoni petu. Akasema, "Pasta, chukua hii, kesho asubuhi utafika mara moja." Tukamwambia goti linatuuma.

Goti halikuwa likiuma, wapendwa. Tulisema uongo tukiwa na Kitabu cha Sala mkononi, kwa sababu tuliona haya kumwambia kijana wa miaka 20 kwamba hatujui jambo ambalo ndugu yake mdogo analijua.

Mzee alifariki Ijumaa alfajiri.

Tulimzika kwa heshima zote. Watu walipokwisha kutawanyika, mjane wake alitushika mkono akatukalisha kwenye kiti kidogo karibu na jiko. Akasema, "Pasta mwanangu, alikuwa akisikiliza kengele. Mapasta wa zamani walikuja kwa baiskeli, wakifika pale kwenye mwembe hupiga kengele ili tutandike kitambaa mezani. Siku hizo zote, kila baiskeli ilipopita, mzee alisema: ndiye huyo." Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Juma lile hatukulala vizuri. Mama watoto alituuliza mara mbili, na mara ya pili tulimwambia yote. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Basi kajifunze." Wanawake wengine hutoa ushauri wa saa nzima. Huyu wa kwetu alitoa maneno mawili na kurudi kwenye mboga zake.

Jambo la kwanza lilikuwa kumrudia yule kijana. Tulimkuta akimwaga maji kwenye sukumawiki. Tukamwambia, "Ndugu, goti letu ni zima. Hatujui kuendesha baiskeli, na hatukutaka ujue." Alituangalia, akaangalia chini, akasema, "Pasta, nilijua." Kisha akaingia ndani akaitoa baiskeli.

Tulichagua saa kumi na moja na nusu alfajiri, katika uwanja wa shule ya msingi, kabla watu hawajaamka. Asubuhi tatu tulianguka peke yetu. Mtu mzima haanguki kama mtoto. Mtoto ni mwepesi, na yuko karibu na ardhi. Anaanguka, analia, na kabla machozi hayajakauka ameshapanda tena. Mtu wa miaka 43 huanguka na uzito wake wote, na huku anaanguka anawaza juu ya suruali, juu ya meno, juu ya Askofu. Kwa sababu ya mawazo hayo hukaza mikono kama mbao, na mikono iliyokazwa haiwezi kuongoza baiskeli.

Asubuhi ya nne tulisikia sauti: "Pasta, mbona unapigana nayo?" Alikuwa binti wa miaka 12, mwanafunzi wetu wa darasa la kipaimara, amekuja na mtungi kwenye pampu ya shule. Mwezi uliotangulia tulikuwa tumemsimamisha mbele ya wenzake kwa kutojua Amri ya Sita. Tukafikiri, sasa amepata nafasi yake. Lakini aliweka mtungi chini, akaizunguka baiskeli, akasema kiti kiko juu mno. "Kishushe mpaka miguu yako yote miwili ikanyage chini. Na hizo pedali ziondoe kwanza."

Tulidhani ni utoto. Kumbe ndiyo njia bora kwa mtu mzima anayeanza, nasi tunawapa bure. Pedali zikiondolewa, mwanafunzi husukuma ardhi kwa miguu, kama anayetembea ameketi, na hivyo hujifunza kitu kimoja tu, yaani kusawazisha mwili, bila kuhangaika na kukanyaga. Historia yenyewe ilianza hivyo. Mwaka wa 1817 Mjerumani aitwaye Karl von Drais alitengeneza chombo cha magurudumu mawili, kimoja mbele ya kingine, kisicho na pedali, na mwendeshaji alikisukuma kwa miguu yake mwenyewe. Pedali zilikuja miaka mingi baadaye. Basi tulirudi nyuma hadi mwaka wa 1817.

Kuziondoa kulikuwa mtihani mwingine. Ya kulia ilitoka. Ya kushoto tuliizungusha vilevile kama ya kulia, tukakaza meno, tukakaza spana, na kila tulivyozidisha nguvu ndivyo ilivyozidi kushika. Tulimpelekea fundi wa baiskeli pale sokoni. Alitutazama kwa huruma. Akatueleza kwamba hesi za pedali ya kushoto zimekatwa kinyume, ili isijifungue yenyewe mtu anapokanyaga. Hufunguliwa kwa kufuata mwendo wa saa, pale ambapo nyingine zote hufungwa. Kwa hiyo kwa nusu saa nzima tulikuwa tukiifunga.

Juma zima tukasukuma ardhi kwa miguu kama bata. Mwalimu wetu alikuja kila asubuhi na mtungi wake. Na sasa tufikie lile ambalo hasa tulitaka kuwaambia.

Baiskeli ikianza kulala upande wa kushoto, mwili wote wa mtu mzima huamuru usukani uende kulia, mbali na ardhi inayokuja. Ndipo anapoanguka. Yule binti alituambia, "Pasta, ikiangukia kushoto, igeuze kushoto." Tukasema, je, si tutaanguka zaidi? Hakubishana. Aliokota kijiti kirefu akakisimamisha wima juu ya kiganja chake. Kijiti kilipoinama kushoto, mkono wake ulikwenda kushoto chini yake, nacho kikasimama. Kilipoinama kulia, mkono ulikwenda kulia. "Ukikimbiza mkono upande mwingine, kinaanguka," akasema. Ndivyo ilivyo. Ukigeuza usukani upande ule unaoangukia, magurudumu hukimbia kuja chini ya uzito wako, na baiskeli huinuka. Wanaojua kuendesha hufanya hivyo kila dakika, kidogo kidogo, bila kufikiri. Hakuna baiskeli inayokwenda moja kwa moja kama mshale. Zote huanguka kidogo huku na kidogo huku, na kila mara hufuata anguko lake. Na ukienda polepole mno kwa woga, kusawazisha kunakuwa kugumu zaidi.

Tena alitukataza kutazama gurudumu. "Tazama ule mkuyu." Maana ukilitazama shimo, utaingia shimoni. Tumelipima jambo hili kwa kiwiko chetu.

Tuliporudisha pedali, mwendo wetu wa kwanza wa kweli ulikuwa kama hatua 40. Tulifurahi hata tukasahau kwamba hatujafundishwa kusimama. Siku ile ilikuwa Alhamisi, tumechelewa uwanjani kwa sababu ya furaha, na akina mama wa Chama cha Akina Mama walikuwa wakipita njiani na vitambaa vyao vyeupe kichwani. Tukapita mbele yao, tukavunja breki ya mbele kwa nguvu, tukaingia kwenye ua la michongoma. Kulikuwa kimya. Halafu mmoja akacheka, wakacheka wote, nasi tuliopokuwa miibani tukacheka. Kwa kweli tulijisikia wepesi kuliko siku yoyote tangu mazishi. Jioni ile wawili miongoni mwao walikuja nyumbani wakazungumza na mama watoto juu ya mahindi na kuku, wakazunguka, wakazunguka, mpaka mmoja, mwenye wajukuu watano, akauliza kama yule mtoto anaweza kuwafundisha na wao pia. Katika utoto wao msichana alikatazwa kupanda baiskeli. Waliambiwa si adabu. Walikuwa wamengoja miaka 50 mtu mwingine aanguke kwanza.

Tulipokuwa tukiuguza kiwiko tulisoma habari za watu wawili. Mmoja ni Frances Willard wa Marekani, aliyekuwa rais wa Chama cha Wanawake Wakristo cha Kupinga Ulevi tangu mwaka wa 1879 hadi alipokufa mwaka wa 1898. Alijifunza baiskeli akiwa na umri wa miaka 53, kwa miezi mitatu hivi, kama dakika 15 kila siku, na mwaka wa 1895 akatoa kitabu kizima juu ya jambo hilo. Kupanda kutoka chini ndiko alikokujua mwisho wa yote, baada ya kukanyaga, kukata kona na kushuka. Mama yake mzazi, aliyempenda mno, alikuwa amefariki mwaka wa 1892. Wa pili ni Leo Tolstoy, mwandishi yule mkubwa wa Urusi. Mapema mwaka wa 1895 alifiwa na mwanawe wa mwisho, mtoto ambaye hakutimiza miaka saba, na mwaka huohuo, mzee mwenye ndevu nyeupe, akiwa amepita miaka 66, alijifunza kuendesha baiskeli mjini Moscow. Hatusemi kwamba msiba ndio uliowapandisha baiskeli. Lakini tulipohesabu miaka tuliweka gazeti chini, tukakaa kidogo.

Na mnamkumbuka Naamani. Habari zake zimo katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, mlango wa 5. Tumemhubiri mara nyingi, na kila mara tulikaza juu ya ukoma na maji ya Yordani. Hatukuwahi kukaa na yule msichana mdogo. Alikuwa mateka, mtumishi wa mke wa jemadari, na Biblia haikuandika hata jina lake. Lakini yeye ndiye aliyesema yuko nabii Samaria. Jemadari alisafiri na fedha na dhahabu na mavazi ya kubadili, akafika, akaambiwa aende kuoga. Akakasirika. Yalikuwa tayari kwake mambo makubwa, kwa maana jambo kubwa hulinda heshima ya mtu. Watumishi wake ndio waliomtuliza. Naye akashuka, akajichovya mara saba. Tunafikiri mara ile ya pili na ya tatu ndizo zilizokuwa ngumu, ameshalowa, ngozi bado ni ileile, na askari wake wamesimama ukingoni wakitazama.

Tulisafiri peke yetu kwa mara ya kwanza siku ya Jumatano, mwezi wa Desemba. Vyombo vya Ushirika tulivifunga kwenye keria kwa mpira, pamoja na kanzu. Penye mchanga tulishuka tukasukuma. Penye mteremko tulishuka pia, na hatuoni haya kusema hivyo. Kilomita 11 zilituchukua saa moja na dakika 40, na mtu wa kawaida hutumia chini ya saa moja. Tulipofika kwenye ule mwembe tulitafuta kengele kwa kidole gumba, tukakumbuka kwamba baiskeli ile haina kengele.

Nyanya alikuwa ameketi nje akichambua maharagwe. Alitazama baiskeli kwanza, ndipo akatutazama sisi. Hatukuwa na maneno. Tulikuwa tumeyatunga njiani, nayo yakaishia njiani. Tukamwambia tu, "Mama, siku ile kulikuwa na baiskeli mlangoni petu. Hatukuja kwa sababu hatukujua kuiendesha, tukasema goti linauma."

Aliendelea kuchambua. Tulihesabu viganja vitatu vya maharagwe vikianguka kwenye ungo. Kisha akasema, "Mzee hata yeye aliianza baiskeli akiwa na watoto wanne. Alivunja jino." Akainuka taratibu, akashika mgongo. Tukadhani anakwenda kuteka maji ya chai. Lakini alinyosha mkono kuelekea ng'ambo ya kijito. "Unaiona ile nyumba ya mabati mapya? Mamake mwalimu amelala pale tangu Jumapili. Yeye bado yuko. Nenda kwanza kwake. Chai utakunywa ukirudi."

Tukaigeuza baiskeli. Kupanda kutoka chini tulikuwa bado hatujakujua, hata sasa hutushinda siku nyingine. Basi, yeye akiwa amesimama anatutazama, tukaanza kutafuta jiwe la kukanyagia.